Kiapo Juu ya Shamba la Mama

Biblia ya mahakama yetu ya mwanzo ilinuka usipa. Mashahidi walitoka moja kwa moja sokoni na vidole vyao vya dagaa wa ziwani, wakaishika, wakaapa, na jalada lake jeusi likabaki na harufu ile mwaka mzima. Nilikuwa na miaka kumi nilipomwona baba mdogo, aliyetufundisha amri kumi kila Jumapili, akiiinua kwa mkono wa kulia, akaapa kusema kweli, kisha akasema uongo.

Zilikuwa siku za ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara. Wafanyabiashara binafsi walileta malori Kyela kununua mchele, na ghafla kila shamba la mpunga kijijini kwetu Ngonga likapata wenyewe wawili. Mmoja wa wafanyabiashara hao alimshtaki mama, akidai kwamba marehemu baba alimuuzia shamba letu, na hatukuwa na lingine. Shahidi wake alikuwa baba mdogo.

"Mlilipimaje?" hakimu aliuliza.

"Kwa hatua, mheshimiwa. Marehemu mbele, mimi nyuma, hadi kwenye migomba."

"Lini?"

"Jumatatu ya Pasaka, mwezi wa nne."

Bibi mmoja nyuma alishindwa kujizuia. "We baba, mwezi wa nne Ngonga tunapita kwa mtumbwi! Mlitembea juu ya maji kama Petro?"

Watu waliangua kicheko. Hata hakimu aliinama kuficha meno. Njia ya mwongo ni fupi. Shamba likabaki letu. Ndaga fijo, Mungu wangu, nakushukuru hadi leo. Baba mdogo alishtakiwa kwa kutoa ushahidi wa uongo, akafungwa mwaka mmoja.

Kinachonichoma si kifungo chake. Ni kwamba ukoo ulimsusa mama. "Umemfunga shemeji yako!" walimwambia, kana kwamba yeye ndiye aliyeapa. Msimu ule alipandikiza mpunga peke yake, matope hadi magotini, hakuna aliyekuja kumsaidia. Na yule mfanyabiashara, aliyempa baba mdogo baiskeli pamoja na maneno ya kusema, aliwasha lori lake nje ya mahakama akaenda zake.

Leo nina mvi, ni mzee wa kanisa na mshauri wa mahakama. Juzi kijana alinaswa akidanganya baada ya kuapa. Akacheka: "Mzee wangu, si kiapo tu?" Akaambiwa asirudie. Zamani sheria ilimfunga mdogo na kumwacha mkubwa. Siku hizi tumewasawazisha: wote wawili wanarudi nyumbani kula.