Mkaguzi na Amri Inayojiita Yenyewe

Shemeji yangu ana roho nzuri, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Angekuwa na roho mbaya angekaa kitako akanyamaza, nasi tungepumua. Chuoni, ambako yeye anatunza seva, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine zote, nami napokea wageni katika chumba kimoja naye, tunamwita Mkaguzi. Nyumbani humtuma mwanawe wa kwanza aangalie kama jiko limezimwa, kisha humtuma wa pili aangalie kama wa kwanza ameenda. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, bado anayacheka haya. Mimi nilishaacha.

Dada alikuwa akisoma uhasibu chuoni kwetu, jioni, baada ya kutwa nzima kwenye cherehani. Mtihani wake wa mwisho ulifanywa kwa kompyuta, katika ukumbi unaotazamana na ofisi yetu. Akifaulu, kuna kampuni imemwekea nafasi. Asipofaulu, nafasi anapewa mwingine na yeye anarudi kupinda suruali za watu.

Asubuhi ya mtihani Mkaguzi hakutulia. Ukumbini haruhusiwi kuingia, basi akafungua kwenye seva lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akajitungia amri yake mwenyewe na kuiita Chungulia. Akanieleza kwa fahari. Chungulia inaigongea seva na kuuliza, mtihani unakwenda? Ikijibiwa haraka, inatulia. Ikicheleweshewa jibu, inajiita yenyewe mara mbili, ili wachunguliaji wawili wapya wahakikishe kama kweli kuna shida.

"Na hao wawili wakicheleweshewa?" nikamuuliza.

"Kila mmoja anaita wawili wake. Huu ndio usalama, shemeji."

Kwa kawaida kompyuta humwekea kila mtumiaji kikomo cha kazi anazoweza kuendesha kwa pamoja, kuzuia balaa la namna hii hii. Wanafunzi wanacho. Wahadhiri wanacho. Mkaguzi alikuwa amejiondolea chake, kwa kuwa vikomo ni vya watu wasiojua wanachofanya.

Mwanzoni kulikuwa shwari. Kisha wanafunzi wengi wakafungua kwa pamoja swali lenye michoro, na seva ikasita kidogo tu, kama mtu anayemeza mate. Chungulia akaita wawili. Wale wawili nao wakasubirishwa, maana wao wenyewe walikuwa wameongeza foleni, wakaita wanne. Uzuri wa mpango huo ni kwamba kadiri walivyozidi kuulizia hali ya seva ndivyo walivyozidi kuinyonga. Feni zikaanza kuvuma. Kioo cha Mkaguzi kikaganda.

Akaandika amri ya kuwaua wote. Mashine ikamjibu kwamba haina nafasi ya kuanzisha kazi nyingine yoyote, hata hiyo ya kuua. Nafasi zote zilikuwa zimejaa wachunguliaji wanaouliza kulikoni.

"Chomoa waya," nikamwambia.

"Nikichomoa, majibu yote yanapotea. Hayahifadhiwi mpaka mtu abonyeze kumaliza."

"Na usipochomoa?"

Nilimwonea huruma, na papo hapo nilitamani kumzaba kibao. Mwishowe akainama nyuma ya kabati la seva, akachomoa.

Ukumbi mzima ukaguna. Msimamizi wa mtihani akasimama kutangaza kwamba mtihani utarudiwa mwakani, kwani maswali yameshaonekana, na chuo chetu chenye ari kubwa hutunga mengine mara moja kwa mwaka.

Dada akaja mlangoni kwetu, mkoba begani. Akamtazama mumewe, aliyekuwa bado ameshika waya.

"Ni wewe?"

"Mama watoto, nilitaka tu kujua kama unaendelea vizuri."

Dada akakaa kwenye kiti cha wageni, akauweka mkoba mapajani.

"Nilikuwa nimebakiza swali moja," akasema. "Nilikuwa naendelea vizuri."