Bei Aliyoitaja Kalenga Langoni

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, mvua za kwanza zilikuwa zimelainisha vumbi la Lubumbashi, na mume wangu Kalenga alitoka nyumbani akiwa bwana wa kazi yake mwenyewe. Nilikuwa nimempigia pasi shati, ingawa sote tulijua kwamba kabla ya saa sita lingekuwa na madoa. Alibeba ndoo, brashi tatu na rola moja. Mimi nilikuwa kando yake na beseni la ndakala, dagaa wetu wakavu, kichwani, maana njia ya sokoni kwangu ilipita mbele ya nyumba ya mteja wake wa kwanza. Tulitembea kama watu wanaokwenda harusini.

Nikuambie kwanza Kalenga alikuwa nani, maana wewe hukumjua ujanani mwake. Baba yake alikuja kutoka kaskazini mwa Katanga kufanya kazi ya reli, akamlea mwanawe kwa misa ya Jumapili na kwa kiboko. Kijana akaingia kazini kwa mpaka rangi mmoja mzee, Papa Banza, akakaa kwake miaka mingi. Mikono yake ilijifunza kila kitu. Aliweza kupiga mstari kati ya rangi mbili bila kuufunika ukuta kwa karatasi, na ukauona umenyooka. Lakini kule kwa Papa Banza, aliyezungumza na wateja alikuwa Papa Banza. Kalenga alipaka tu. Mikono ilisoma, mdomo haukusoma. Hilo hatukuliona siku ile.

Mteja alikuwa Mama Odette, mwanamke wa biashara aliyekuwa akienda Sakania na kurudi na mafuta na unga kutoka ng'ambo ya mpaka. Alitutokea langoni, funguo mkononi, gari likimsubiri.

“Njo weye mupaka rangi?” akauliza. “Nyumba njo hii. Vyumba ine na salo. Utaniomba ngapi?”

Kalenga hakuomba kuingia. Hakuangalia hata ukuta wa nje. Alimwangalia Mama Odette usoni, namna unavyomwangalia mwalimu ili ujue jibu analolitaka, halafu akataja bei.

“Sawa,” akasema Mama Odette. “Anza leo.” Akapanda gari akaenda.

Mwanangu, mimi ni mwuza samaki. Siujui ukuta, lakini sokoni nilifundishwa mapema: mnunuzi akikubali bila kubishana, ujue umejipunja. Nilimwambia palepale, “Kalenga, amekubali mbio sana.” Akacheka. “Anaona niko na kazi ya muzuri,” akasema. Nami nikaona nisimvunje moyo siku yake ya kwanza, nikainua beseni langu nikaenda.

Jioni alirudi, nywele zimejaa vumbi. Ndani ya nyumba ile kuta zilikuwa zimekula maji. Rangi ya zamani ilikuwa ya mafuta, imevimba kama ngozi iliyoungua, na chini yake lipu ilikuwa inamwagika kama unga. Ilibidi akwangue yote, azibe kwa mastiki, angoje ikauke, akwangue tena. Nilimwambia arudi kwa Mama Odette aseme ukweli. Akakataa. “Nilishasema bei,” akanijibu. “Muntu habadilishaki mudomo.” Ndiyo, wazee wetu walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na Kalenga aliyaoga mpaka shingoni. Mastiki alinunua kwa faida ya ndakala zangu. Kwa majuma kadhaa tulikula bukari, ugali wetu, na mboga ya lenga-lenga tupu, na usiku nilimsikia akikohoa vumbi la kuta za watu.

Alipomaliza, nyumba iling'aa. Hilo simnyimi. Mama Odette alizunguka salo yake, ile sebule ya wageni, akishika kuta kwa kiganja, akafurahi kweli, akampa bei ileile waliyopatana, na akaenda kumsifu kwa rafiki zake wote. “Iko mupaka rangi moja,” aliwaambia, “kazi yake ya muzuri, na bei yake haiumize.”

Basi wakaja. Uwanja wetu mdogo ukawa hauishi wageni. Wote walitaka kazi ya Mama Odette kwa bei ya Mama Odette. Nasi, kwa utoto wetu, tulifurahi! Nilijigamba sokoni kwamba mume wangu hana siku ya kukaa. Tulikuwa tumenunua kiwanja kidogo Kasungami, tumechoma matofali, tukawa tunahesabu kwamba wateja wengi ni mali nyingi. Lakini kila mwisho wa mwezi matofali yalikuwa palepale, nyasi zikiyapanda. Hatukuelewa. Mtu anafanya kazi kutoka jua mpaka jua, na chungu hakiongezeki hata kipande cha nyama.

Jumapili moja baada ya misa akaja Papa Banza. Alikuwa mzee mfupi, mwenye kofia ambayo hakuivua hata akiketi. Nilimwekea kiti uwanjani, nikamletea maji. Akanywa yote taratibu, kisha akasema:

“Kalenga, minasikia bantu banakusifu. Banasema uko bei chini. Ile haiko sifa, mutoto wangu.”

“Papa, lakini kazi iko mingi,” Kalenga akajibu.

“Iko mingi, ndiyo. Sasa niambie, mu ile bei yako iko nini?”

“Iko rangi, Papa. Mastiki. Na bus ya kwenda na kurudi.”

“Na weye?” Papa Banza akainama mbele. “Weye uko wapi mule ndani? Siku utagonjwa, njo nani atakulipa? Ngazi yako ikivunjika, utanunua ingine na nini? Ule bibi yako atakula rangi?”

Kalenga akatazama chini. Mzee hakupandisha sauti, na nadhani ndiyo maana maneno yake yaliingia mpaka kwenye mifupa yangu. Alisema kwamba katika maisha yake amezika mafundi wengi wenye mikono mizuri, na wengi wao waliuawa na kuona haya. Kisha akasimama, akatuombea baraka, akaenda zake. Hakutuambia aongeze kiasi gani. Alitaka Kalenga ajitafutie mwenyewe.

Na alijaribu, usifikiri alikuwa mkaidi. Juma lile alimtajia mteja bei kubwa kidogo. Yule bwana akashangaa: “Kwa Odette ulifanya chini. Sasa mi, unaniona mi mujinga?” Kalenga akasinyaa, akarudi kwenye bei ya zamani, akaomba na msamaha. Ndivyo ilivyo, mwanangu. Bei ya kwanza ni kama jina la ubatizo. Utakua, utazeeka, watu watakuita jina lilelile.

Halafu Mama Odette akajenga nyumba ya pili, yenye ghorofa. Hakumtafuta mtu mwingine. Safari hii Kalenga aliingia ndani kabla ya kusema neno, akaangalia kila ukuta. Pale kwenye ngazi za saruji, za kupanda juu, kulikuwa na ukuta mrefu kama wa kanisa. Ukuta ule unataka jukwaa la mbao, na mbao zinakodishwa. Akarudi nyumbani, akaniambia, “Kesho nitamuomba pesa ya mbao.”

Jioni ile nilijifanya Mama Odette. Nilijifunga kitenge changu kizuri, nikashika funguo, nikakaa juu ya kiti kwa maringo. Kalenga akasimama mbele yangu. “Mama,” akaanza, “kazi hii ya pale juu inaomba mbao.” Akakwama. Nikamwambia aanze tena. Akaanza tena, mpaka mara ya nne akalisema lote bila kutetemeka, bei na mbao na siku za mvua. Tulicheka sana. Nafikiri ndiyo jioni ya mwisho tuliyocheka hivyo.

Kesho yake akarudi na kazi, bila mbao.

“Hukusema?” nikauliza.

“Alinikaribisha na chai,” akasema. “Akaniita mutoto wake. Niliona haya.”

Mficha uchi hazai. Nilimpa methali hiyo kwa hasira, akaenda kulala.

Nilikuwa sokoni walipokuja kuniita. Kwa kukosa jukwaa, alikuwa ameweka meza juu ya ngazi za saruji, akaitegemeza kwa matofali upande mmoja, na juu ya meza akasimamisha ngazi yake ya mbao. Asubuhi alikuwa ametoka kumaliza nyumba nyingine, hajala. Meza ikateleza. Waliokuwa nje walisikia ngazi ikianguka, halafu ndoo, halafu kimya. Nilimkuta hospitali, rangi nyeupe imemkaukia usoni na kwenye nywele, akaonekana mzee wa miaka themanini. Nyonga ilikuwa imevunjika, na mgongo umeumia. Aliponiona alisema, “Ngoie, ukuta ule nilikuwa nimeshaufanya nusu.”

Majirani walikuja kututembelea, na mmoja wao, pale mlangoni, akasema kwa sauti ya chini kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tangu siku hiyo siipendi methali hiyo. Ni ya kweli, lakini siipendi. Kalenga alisikia la mkuu. Alilisikia vizuri kabisa. Kilichomshinda kilikuwa kitu kingine, na methali haikukitaja.

Mama Odette naye akaja, na sukari na machungwa. Alilia, na machozi yake hayakuwa ya uongo. Akanivuta kando, kwenye varanda, akanishika mikono.

“Ngoie, mama, nikuambie ukweli,” akasema. “Juu ya ile kazi nilikuwa natenga falanga mara mbili ya ile bei yake. Nilijua ule ukuta ni mubaya. Kama angeniomba mbao, ningelipa. Alitaja bei chini, mi nikasema, Mungu ananihurumia.”

Hakuiba. Wewe mwenyewe ukienda sokoni, mwuzaji akakutajia bei ndogo, utamwambia aongeze? Nilisimama na yale machungwa mikononi, nikawaza kwamba kati ya mume wangu na mbao zile kulikuwa na sentensi moja, na sentensi hiyo alikuwa ameshaijua, alikuwa ameisema vizuri mbele yangu. Ndilo jambo ambalo mpaka leo linaniamsha.

Kiwanja cha Kasungami tuliuza, pamoja na matofali, ili atibiwe. Alipona kiasi cha kuketi na kutembea kwa magongo mawili. Hakupanda ngazi tena. Nililea watoto kwa ndakala, na yeye alikaa uwanjani akisikiliza redio. Siku nyingine vijana wapaka rangi walikuja kumwuliza namna ya kuchanganya rangi hii na hii ili ipatikane ile. Aliwachanganyia, aliwaeleza kwa saa nzima, macho yake yakarudi kuwa ya zamani. Walipouliza, “Papa, tukupe nini?” alisema, “Hapana, haina kitu.” Nikawa napepeta unga, nikimsikia. Hata pale, mwanangu. Hata pale.

Tulimzika mvua hizi zilizopita. Vijana wale walimbeba.

Sasa wewe umenunua brashi, umeniambia unataka kujitegemea, na nimefurahi. Lakini sikia. Usitaje bei ukiwa langoni. Omba kuingia, gusa ukuta kwa mkono wako, kwaruza kwa kucha uone kinachoanguka. Mteja akikuharakisha, mwambie utamjibu kesho. Kazi inayokimbia kwa sababu umeomba siku moja haikuwa yako. Hesabu rangi na nauli, ndiyo, na ngazi imara na mbao, na siku mvua itakapokukataza, lakini usisahau kumhesabu yule atakayepanda juu. Mtu huyo anakula. Mtu huyo anaugua, ana mama na ana watoto. Bei usiyomwomba mteja haipotei. Mtu fulani ataitoa, na mara nyingi ni wa nyumbani kwako. Walisema rahisi huvunja upishi. Mimi nimeona rahisi ikivunja mpishi.

Usimwogope mteja, na usimchukie. Yeye anatetea mfuko wake, ndiyo kazi yake. Wa kwako autetee nani? Taja bei yako kwa heshima, kisha nyamaza. Usiipunguze mwenyewe kwa sababu ya kimya chake, wala kwa kikombe cha chai. Akikataa, mshukuru, rudi nyumbani. Kukataliwa kunauma jioni moja. Nimekaa na maumivu ya namna nyingine, na jioni zake sijazimaliza.

Haya, sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu na wazee wetu waliolala wakufungulie kinywa siku utakapoulizwa. Wakupe wateja wakweli na kuta kavu. Chakula chako kikutane nawe kabla hujachoka, na kila jioni urudi kwa mkeo kwa miguu yako mwenyewe. Enda, mwanangu. Enda bulongo, enda salama.