Springi Iliyopungua

Mafuta ya cherehani yana harufu nyepesi, karibu haipo, na labda ndiyo maana ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba ndiyo harufu ya utoto wangu. Nyumba yetu ya Kibugu ilinuka mafuta hayo kila pembe: cherehani ya mama sebuleni, bawaba za milango, mnyororo wa baiskeli, na bunduki ya upepo ya baba iliyolala juu ya kabati, imefungwa kwa shuka kuukuu. Wenzangu huwakumbuka wazazi wao kwa harufu ya chapati au ya udongo uliolowa. Mimi nikipita mbele ya kibanda cha fundi cherehani husimama ghafla, halafu huanza kumshuku mtu. Simjui ni nani. Yeyote aliye karibu hunifaa.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ile ilikuwa miaka ya themanini, wakati ambapo serikali haikupenda kusikia mlio wowote isioutambua. Bunduki aliinunua kwa mzungu wa kahawa aliyekuwa akihama, akaenda polisi akapewa cheti chenye jina lake peke yake. Alikisoma cheti hicho karibu sawa na alivyosoma Zaburi. Kilisema hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuitumia, na baba aliamini kwamba siku mtu mwingine angeifyatua, yeye angepoteza bunduki asubuhi na kazi jioni. Yote hayo kwa ajili ya ndege wa mikia mirefu waliokuwa wakila matunda damu yetu kabla hatujajua yameiva.

Bunduki ya namna hiyo haina baruti. Unaikoki kwa kuukunja mtutu kuelekea chini, nao unaibana springi nene iliyo ndani. Ukifyatua, springi inajinyoosha, inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, na hewa inarusha kijirisasi kidogo kama punje ya mtama. Kwa hiyo springi ndiyo kila kitu. Ya kwetu ilikuwa imechoka kiasi kwamba ndege walipopigwa waligeuka kutazama ni nani anayewasumbua. Baba akaagiza springi mbili Nairobi kwa mkono wa mwalimu mwenzake, moja ya waya mnene na nyingine ya waya mwembamba, tukazipeleka Embu mjini kwa fundi mmoja aliyetengeneza saa, kufuli na cherehani. Baba alikuwa ameshachagua ile nene, kama ambavyo mtu yeyote angechagua.

Fundi aliziviringisha zote mbili mezani kuona kama zimenyooka. Kisha akaibana ile nene kwenye jiliwa, chuma chake cha kubania vitu, taratibu, hadi mizunguko yake ikagusana.

"Mwalimu, hii imefika mwisho na bunduki haijakokiwa bado," alisema. "Ukilazimisha, utavunja kitu. Ikikubali, itaruka mkononi kama punda na hutapiga hata mlango wa kanisa. Chukua hii nyembamba. Na usiache bunduki imekokiwa usiku kucha. Springi ikibanwa muda mrefu, inafupika."

Laiti angeishia kwenye punda. Baba alirudi nyumbani na sentensi ile ya mwisho kama mtu aliyepewa siri ya serikali. Aliazima jiliwa la karakana ya shule, akasugua ncha za springi kwa msasa hadi zikakaa sawa, akaipaka grisi kidogo, na kabla ya kuitia ndani akaisimamisha sakafuni kando ya fremu ya mlango wa sebuleni. Ni mimi niliyechora mstari kwa penseli. Fremu hiyo ndiyo tuliyopimiwa urefu sisi watoto kila Krismasi, kwa hiyo springi nayo ikapata alama yake, chini kabisa, kama kitindamimba. Kisha akaibana taratibu akaitia, huku akinikataza kukaa mbele yake, maana springi ikichomoka inaweza kumvunja mtu taya.

Mwezi huo mjomba wangu Nyaga alikuwa akiishi kwetu. Alikuwa mdogo wa mama, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mcheshi, aliyekuwa akiteremka Embu kila Jumatatu kuuliza kazi katika ofisi za serikali na kurudi na habari za kila mtu isipokuwa za kazi. Alilala sebuleni. Mama alimpenda waziwazi. Baba alimpenda kwa kipimo.

Baada ya wiki mbili baba aliona vijirisasi havitoboi tena pande zote mbili za kopo la mafuta ya kupikia. Akaifungua bunduki, akaisimamisha springi kando ya fremu. Nikachora mstari wa pili: ilikuwa imepungua upana wa ukucha wangu wa kidole gumba. Baba alibaki amepiga magoti pale akiutazama ule upungufu kama ungeweza kutaja jina.

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Baba alianza kuhesabu vijirisasi, kufunga shuka la bunduki kwa fundo la aina yake, kutuuliza nani alipita wapi saa ngapi. Na mimi, mwenye miaka kumi na akili ya karani wa mahakama, nilikuwa msaidizi wake mwaminifu. Nilinusa watu. Jioni moja nikamwendea nikamnong'oneza, "Baba, mikono ya mjomba inanuka mafuta ya cherehani." Sikutaja kwamba asubuhi ile mjomba alikuwa ameitengeneza cherehani ya mama, wala kwamba mikono yangu ilinuka vilevile.

Baba aliuleta mjadala mezani, mbele ya githeri.

"Shemeji, springi imepungua."

Mjomba akacheka. "Imepungua kwani ni sukari?"

"Kuna mtu anakoki bunduki anaiacha. Cheti kina jina langu."

"Baba Wawira," mama alisema, "huyo ni ndugu yangu unayemwambia hivyo?"

"Mimi sijamtaja mtu. Nimetaja springi."

Mjomba aliweka kijiko chini. Alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi, halafu akamwuliza baba polepole, "Mwalimu, unataka niseme nini?" Mama aliondoa sahani ambazo hazijaisha. Kesho yake mjomba alisema amekumbuka rafiki mwenye duka la vifaa vya ujenzi Muthara, mbali huko Tigania, na kwamba basi la asubuhi halingojei. Aliaga vizuri. Aliikunja blanketi yake vizuri mno, kama mtu asiyetaka hata blanketi iseme chochote juu yake.

Miezi miwili baadaye springi ilikuwa palepale, haijapungua tena hata unywele, na baba aliona huo ndio ushahidi kamili. Alinichukua tukaenda Embu amwonyeshe fundi. Fundi alisikiliza kesi yote akiwa na kioo cha kukuzia jichoni.

"Kwani sikukuambia?" alisema. "Springi mpya lazima ikae. Inapungua kidogo siku za kwanza, halafu inatulia. Hiyo ndiyo kawaida yake. Hapo hakuna mtu."

Baba aliilipia grisi ambayo hakuihitaji. Njiani kurudi, tulipoanza kuona mashamba ya chai, akanigeukia. "Hayo ni mambo ya springi," alisema. "Usimsumbue mama yako nayo." Sikumsumbua. Niliitunza siri hiyo kwa fahari kidogo kwanza, baadaye kwa aibu, na mwishowe kwa mazoea.

Mjomba alifanikiwa Muthara. Alikuja kwetu kila mwaka, na kila mwaka alinywea chai uani, amesimama, akisema gari linamharakisha. Baba alitoka kumsalimu hukohuko. Kwa zaidi ya miaka thelathini mashemeji wawili walizungumza juu ya mvua na bei ya majani chai kando ya tangi la maji, na mama alibeba vikombe kutoka jikoni hadi uani, kutoka uani hadi jikoni, hadi alipofariki.

Mwaka jana niliamua kuikarabati nyumba, na seremala akaniuliza kama aing'oe ile fremu. Nilichuchumaa nikaiona mistari miwili ya penseli, karibu kugusana. Upana wa ukucha wa mtoto. Nikampigia mjomba simu nikamwambia yote: fundi, springi mpya, mikono yake, pua yangu.

"Baba yako macho yanaendeleaje?" aliuliza.

"Hayaoni vizuri."

"Basi mwambie niliipiga. Mara mbili. Nililenga kopo nikalikosa."

"Ni kweli, mjomba?"

"Wewe mwambie."

Nilimwambia. Baba alikuwa akiota jua, mikono juu ya bakora.

"Mara mbili haiwezi kupunguza springi kiasi hicho," alisema. Kisha akaongeza, "Mwambie aje. Na asije na hadithi ya gari."

Mimi sasa nina kamera langoni na nyingine jikoni. Simu yangu huniambia saa na dakika mlango ulipofunguliwa, na bado juzi nilimhoji dada wa kazi juu ya mtungi wa gesi ulioisha mapema kuliko nilivyotaka. Baba alikuwa na penseli tu. Sioni kama mimi nimemzidi kwa lolote ila idadi ya alama. Na hadi leo sijui kama mjomba aliigusa bunduki ile, na ninakiri kwamba kila nikikaa naye najikuta ninachunguza mikono yake.

Alikuja Desemba. Baba alikuwa kwenye kiti chake cha ndani, hakusimama. Mjomba alifika mlangoni, akaniuliza ni mstari upi, akachuchumaa kwa shida, magoti yakilia, akaweka ukucha wake kati ya ile mistari miwili. Haukuenea; nafasi ilikuwa ndogo mno.

"Ni hiki tu?" alisema.

"Ni hicho tu, shemeji," baba alijibu kutoka ndani. "Ingia, chai inapoa."

Nikamshika mkono kumwinua, naye akaingia.