Kopo la Hina Lililojaa Kutu ya Kijani

Sasa hivi nacheka, lakini siku ile, jamani, kama kungekuwa na shimo Kariakoo nzima ningeingia na kujifukia mwenyewe.

Nasoma shahada ya pili ya kemia, na mwaka mzima nilihangaika na kitu kimoja tu, kutu ya kijani (ndiyo, ipo), ambayo ndani yake chuma kimekaa kwa hali mbili, chembe nyingine zimepoteza elektroni mbili na nyingine tatu, nasi tulitaka kujua zikikaa pamoja hivyo usumaku wake unakuwaje. Mashine ya kupimia, inayokipiga chuma mionzi na kusoma kinavyoitikia, iko ng'ambo, na Dokta anayenisimamia alikuwa anaipeleka sampuli huko mchana wa siku ile. Adui ni hewa: ikiingia tu, chuma chote kinageukia hali moja, kijani kinakuwa kutu ya kawaida ya bati, na mwaka wangu umekwenda na maji.

Kosa lilianza dogo. Friji ya maabara iliharibika, nikaona sampuli ilale nyumbani kwa shangazi ninakoishi, na kwa kuwa vichupa vilikuwa vimeisha, nikaishindilia (tulishaichanganya na glisirini, imekuwa uji mzito wa kijani) kwenye kopo tupu la shangazi lenye mfuniko unaobana vizuri. Nikaliweka kwenye friji yake. Shangazi kazi yake ni kupaka maharusi hina, na hina yake hulala kwenye makopo kama hayo, friji hiyohiyo. Sijui akili yangu ilikuwa imekwenda wapi.

Asubuhi nikabeba kopo mbio mpaka Upanga kwa Dokta, nikamwamkia, akalipokea akaanza kulizungushia seloteipu, kisha akasimama na kulinusa.

"Kijana, mbona sampuli yako inanukia karafuu?"

Nilikuwa nimebeba kopo la hina. Nikalinyakua kopo, nikaingia kwenye bajaji, foleni ya Msimbazi ikatugandisha, nikashuka nikakimbia huku nikigongana na wauza madera, nikapanda ngazi mpaka kwa shangazi, ghorofa ya tatu, na kwa haraka ile (hapa ndipo nilipojimaliza) sikupiga hodi. Chumba kimejaa wanawake vichwa wazi, bi harusi yuko katikati, gauni kalipandisha magotini, miguu yote maua, na mimi mwanamume mzima nasimama mlangoni napiga kelele, "Msimpake! Hiyo kutu! Kutu yangu hiyo!"

Kandambili ya kwanza ilinipata sikioni, ya pili mgongoni wakati nakimbilia nyuma ya pazia.

"Shangazi, siyo hina hiyo!"

"Ala! Nami najisifu, leo hina imekolea kabla haijakauka!"

"Ina sumu?" mmoja akauliza. Nikasema hapana, ni chuma tu. Bi harusi akaangua kilio, maana ndoa ilikuwa kesho yake.

Simu ikaita. Dokta alikuwa njiani kwenda uwanja wa ndege, anauliza kama kuna kilichobaki. Nikaomba nipitishiwe kopo chini ya pazia. Lilikuwa wazi tangu asubuhi, na mpaka chini kabisa lilikuwa la kahawia.

"Hakuna, Dokta."

"Basi, utatengeneza upya," akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko kama angenifokea.

Nilitaka kulia, lakini kule ndani kuna mtu alikuwa analia kunishinda. "Inatoka kwa ndimu," nikasema. Nikashuka kununua, nikakaa nyuma ya lile pazia nikikamua bakuli baada ya bakuli, nao wanapokea na kusugua, na ikatoka kweli. Halafu nikawapitishia hina ya karafuu niliyokuwa nimezunguka nayo mji mzima. Shangazi akaanza upya, kwa mteja aliyenuna.

Jioni akanipakulia wali, akaniongezea samaki.

Na mimi nimeanza upya, na nimeapa sampuli yangu haitalala tena kwenye friji ya mtu. Wenzangu wa maabara wananicheka kwa vile kila kichupa changu kina maandishi makubwa: SI HINA. Wacheke tu. Hawajaona makopo ya shangazi, aliyoyaandika mwenyewe kwa piko, ile rangi yake nyeusi ya maharusi: HII HINA, MSOMI USIGUSE.