Fisi Aliyevaa Tai Akaenda Kuposa

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, tulipopeleka ng'ombe wa mahari ya kaka yangu Yohana huko Haneti. Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa chuo pale Chimwaga na tayari nilijiona nimeelimika. Msemaji wetu alikuwa mjomba. Ng'ombe wote walikuwa wazuri, isipokuwa mmoja mwekundu ambaye jicho lake la kushoto lilikuwa halioni. Mjomba alimwingiza zizini kwa wakwe akimbananisha na ua wa miiba upande huo, baada ya kutuonya sote tufunge midomo. Ndoa ya Yohana ilikuwa imebebwa na ua ule.

Baba wa binti, Mzee Chibago, hakukagua kitu. Hilo peke yake lingetosha kunitia wasiwasi. Alituketisha, akatupa togwa, kisha akaanza hadithi.

"Fisi alikwenda kuposa kwa Kanga. Kavaa tai, suruali hana. Ng'ombe wa mahari akamwingiza kinyumenyume. Kobe akadai cheti cha kuzaliwa cha ng'ombe. Sungura akampigapiga ubavuni kama mtu anayechagua tairi. Twiga akainama amnuse, akasahau namna ya kuinuka."

Tulicheka hadi tukapaliwa na togwa. Mzee hakucheka. Alikuwa akitutazama mmoja mmoja.

"Basi Kanga akamuuliza Fisi: mkwe, huyu ng'ombe ana nini?"

Hapo akainua kibuyu chake, akanywa. Mjomba naye akanywa. Yohana alikuwa akitazama vidole vya miguu yake. Nadhani tungekaa kimya tu, hadithi ingejifia yenyewe. Lakini mimi nilikuwa msomi.

"Mzee," nikasema, "jicho moja si linatosha kuonea majani?"

Katika hadithi nzima hapakuwa na jicho.

Mzee Chibago aliweka kibuyu chake chini taratibu. "Binti nitamtoa," akamwambia mjomba. "Yule mwekundu rudini naye, mniletee mwenye macho yake yote. Na siku hiyo huyu kijana msimwache nyumbani."

Njiani ng'ombe yule alinigonga mara kwa mara kwa ule upande asiouona. Mjomba alinisemesha mara moja tu: "Hivi huko chuoni wanawafundisha kujibu hata lisiloulizwa?"

Mwanangu, mtu mzima akikusimulia habari za wanyama, usikimbilie kucheka. Hata leo, mkubwa wangu wa kazi pale Makole akianza na nyani fulani, kwanza najipapasa nyuma. Sikiliza, na usimtetee mnyama yeyote. Lakini huo ni ujanja tu, na ujanja mjomba alikuwa nao wa kutosha. Ninalokuusia hasa ni hili: ukienda kwa watu, nenda na ng'ombe anayeweza kuzungukwa pande zote.

Mungu akujalie wakwe wenye hadithi ndefu, nawe uzicheke mpaka mwisho bila kulitupia jicho zizi.