Waliokubali Kukimbia na Mama

Watu wa mtaa wetu wa Juru wakiniuliza nani alimharibu mama yangu, nawaambia hivi: akili ilichukuliwa na ugonjwa, lakini waliomtesa ni mchungaji wetu na wifi yangu. Nawataja kwa kazi na kwa undugu. Majina yao wanayajua wenyewe.

Mama alianza kusahau miaka mingi baada ya kufika Nakivale, kambi hii ya wakimbizi Uganda. Kwanza alisahau chumvi kwenye chakula, halafu akasahau kwamba baba alikufa, halafu akanisahau mimi. Jambo moja tu halikumtoka: vita ya tisini na sita, ile iliyotutoa Kivu ya Kusini. Kila kukicha alifunga sufuria na blanketi ndani ya kitenge, akajitwika, akatoka mbio.

"Banakuya!" alikuwa ananiambia, yaani wanakuja. "Weye dada, hauna miguu? Kimbia!"

Mara moja tulimkuta Kabazana, pale wanapopokea wakimbizi wapya. Amekaa katikati ya watu walioshuka kwenye lori, amepakata mtoto wa mtu, anangoja uji kama wao.

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyeanza. Aliwakataza watoto wake kula kwangu. Kwenye bomba akawaambia wanawake kwamba bibi anayetoka alfajiri hatoki bure. Neno likafika kanisani. Mchungaji akasema ni pepo la kutangatanga, akamshindisha mama bila chakula wala maji, mtu mzee vile. Alirudi midomo imepasuka.

Nikampeleka hospitali ya Mbarara. Daktari alimpima, akaniambia kwa Kiswahili chao cha kule: "Hii si pepo, mama. Ni bongo nachoka. Dawa ya kuponyesha hapana. Tafuta watu ya kukaa na yeye."

Watu! Nilicheka peke yangu barabarani. Watu gani?

Niliporudi nikakuta ujumbe wa mchungaji. Mama akitoroka tena, mashemasi watakuja kumchukua, akae chumba cha maombi, kamba mguuni, mpaka pepo limtoke. Kaka yangu alikuwa amekwisha kukubali. Mimi nilijua mama hatatoka mle akiwa hai.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nawasha moto, nikasikia anatoka. Ng'ambo ya njia alikaa mama mmoja wa wafugaji. Sisi ni wakulima. Kule kwetu watu wake na watu wangu walichomeana nyumba, na tangu tupewe viwanja tulikuwa tunasalimiana kwa kichwa tu. Nikamwona amesimama mbele ya mama. Nikaokota fimbo.

"Unaenda fasi gani, mama?" jirani akamwuliza.

"Banakuya. Bataua batu."

Nilingoja acheke. Yeye akaingia kwake, akatoka na godoro limekunjwa kichwani. "Basi twende wote. Na mimi sibaki."

Niliwafuata nyuma ya mahindi. Moyoni nasema: huyu anampeleka kwa mchungaji. Au anataka kiwanja changu. Walizunguka mashamba ya maharage polepole, mama akimhimiza, kisha wakarudi kwa njia ya nyuma, upande wa jiko langu. Pale jirani akageuka, akaniona na fimbo yangu.

"Mama wa hapa," akasema kwa sauti, "sisi tuko wageni. Utatupokea ao hapana?"

Nikatupa fimbo. Nikamkaribisha mama yangu mzazi kama mtu wa njia. "Karibuni. Mumefika. Hapa hakuna vita."

Mama akatua mzigo. "Asante, mama. Tumetoka mbali." Akakaa, akala viazi, hakutoka tena siku ile.

Siku zilizofuata wanawake wengine wakaja na mizigo yao kukimbia naye. Walikuwa wanataniana njiani, na mimi nilitega sikio nijue wanamcheka nani. Wakiondoka nahesabu vijiko vyangu.

Asubuhi moja ndiyo tumefika tu jikoni, huyo mchungaji akatokea na mashemasi wake. Kamba mkononi.

"Ametoroka tena," akasema.

"Hakutoroka," jirani akajibu, godoro bado kichwani. "Tumeenda naye. Utatufunga wote?"

"Anza na mimi, mchungaji," mwingine akadakia. "Lakini mguu wangu ni munene. Hiyo kamba itaenea kweli?"

Wakacheka wote. Mama akamtazama mchungaji kwa huruma. "Maskini. Huyu amekimbia bila hata sufuria. Mumupee fasi akae."

Hakukaa. Aliondoka na kamba yake, hajarudi. Wifi aliona yote toka njiani, na tangu hapo hanisalimu. Nashukuru.

Huyo jirani sijui anataka nini kwangu. Vita ilinifundisha kwamba mtu habebi godoro kila asubuhi bure. Lakini palilio lilifika, majani yalikuwa yanameza maharage, na mikono ni yangu peke yangu. Siku ile walipoondoka na mama sikuwafuata. Nilichukua jembe. Nililima kidogo, nikasimama kusikiliza kama kuna kelele. Nikasikia vicheko upande wa mahindi, na sauti ya mama inawahimiza wapige mbio. Nikainama tena.