Namba Iliyo Nyuma ya Saa ya Babu

Leo nimemuita babu yangu bila kujua, na babu tulishamzika zamani.

Niko nyumbani, Chechelesi. Nataka kuuza saa yake ya mfukoni, ile ya mnyororo. Mnunuzi wa Nairobi akanipigia: "Nisomee namba yake, nijue ilitengenezwa mwaka gani."

Namba iko nyuma, imechongwa kwa kifuniko. Nikaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja.

Akko, yaani nyanya yangu, alikuwa mkekani na tasbihi yake. Siku hizi hata majina yetu yanampotea.

Akaitika: "Ndiyo, afande!"

Nilidhani ni mzaha.

Haikuwa mzaha.

"Hiyo si namba ya saa," akasema. "Ni ya babu yako Guyo. Jeshini wazungu hawakumuita kwa jina hata siku moja, ni kwa namba hiyo tu. Mpaka uzeeni, ukiitaja tu hiyo namba alikuwa anasimama wima na kuitika hivyo. Hapa hapa ndani ya nyumba!"

Mnunuzi naye, kwa simu: "Madam, hiyo haionyeshi mwaka wowote. Fungua ndani. Namba ya kiwanda huwa kwa mashine."

Sijafungua. Nilikata simu.

Jamani, hii saa ninyi mngeiuza?

Maana Akko aliniomba niisome tena ile ya nyuma. Nikaishika saa, nikaanza na tarakimu ya kwanza.

Akanishika mkono.

"Hapana," akasema. "Safari hii anza na jina."